Nilipoacha Kulipanga Begi la Mwanangu

Kwa miaka mitatu ya mwanzo ya shule ya msingi, mwanangu hakusahau daftari nyumbani hata mara moja, nami nilijivunia jambo hilo kana kwamba ni sifa yake. Ukweli ni kwamba kila usiku, yeye akiwa amekwisha kulala, mimi ndiye niliyelifungua begi lake, nikatoa karatasi zilizokunjamana, nikachonga penseli, nikalinganisha madaftari na ratiba ya masomo ya kesho yake, kisha nikaliweka begi karibu na mlango. Nilipougua kwa juma zima na kushindwa kufanya hivyo, alikwenda shuleni siku tano mfululizo akiwa amebeba vitabu vya siku moja. Ndipo nilipong'amua kwamba utaratibu ambao walimu walikuwa wakimsifia ulikuwa wangu. Mwanafunzi nadhifu niliyemlea kwa miaka yote ile nilikuwa mimi mwenyewe.

Kosa la pili nililifanya nilipopona. Kwa hasira ya kujiona nimejidanganya, nilimtangazia kwamba tangu siku ile begi ni lake na mzigo ni wake, nikajitoa kabisa. Mambo yaliharibika ndani ya wiki mbili, nami nilimwita mzembe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Baadaye nilijifunza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo hushughulika na kupanga, kujizuia na kukumbuka kinachofuata wakati mtu angali akifanya kilichopo, huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia umri wa miaka ishirini na kitu. Mtoto wa miaka kumi anayesahau rula huenda si mkaidi hata kidogo. Anatakiwa kutumia uwezo ambao bado unajengeka. Hilo halimwondolei wajibu, ila linabadilisha kazi ya mzazi, kwa sababu kumfanyia kila kitu na kumwachia kila kitu ni njia mbili za kukwepa kumfundisha.

Tulianza upya kwa mwendo wa polepole. Kwa siku kadhaa nililipanga begi mbele yake huku nikisema kwa sauti kila nilichokuwa nikikifikiria: kesho kuna hisabati, kwa hiyo nahitaji rula; karatasi hii inataka sahihi, kwa hiyo haiwezi kulala humu. Kisha akapanga yeye nami nikakaa kando yake. Baada ya hapo nilibaki na swali moja tu, "Umeangalia ratiba?", na mwishowe hata swali hilo nikaliacha. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigharimu zaidi, kwani mdomo ulikuwa umezoea. Mwanzoni nilikuwa nimemtengenezea jedwali la kupendeza lenye rangi nne na mistari iliyonyooka, nikalibandika ukutani, na baada ya siku chache hakuna aliyelitazama, mimi nikiwemo. Kilichofanya kazi ni kipande cha karatasi alichokiandika mwenyewe kwa mwandiko wake uliopinda, chenye mistari minne: ratiba, madaftari, kalamu, karatasi za sahihi.

Nilijifunza pia kutoifunga kazi hiyo kwenye saa. Kumwambia apange begi saa mbili usiku kulimaanisha kwamba mimi ndiye ningeitazama saa na kumkumbusha, tukarudi kulekule. Badala yake tuliifunga kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku: akimaliza kupiga mswaki, anapanga begi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu nguvu ya mipango ya namna hii, ambamo mtu huamua mapema kwamba likitokea hili atafanya lile, na nyumbani kwetu tofauti ilionekana upesi. Kuzoea kabisa ni habari nyingine. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa na kusomwa sana tangu mwaka 2010, uliwafuatilia watu wazima 96 waliojaribu kujenga zoea jipya. Kwa wastani iliwachukua siku 66 kufikia kulifanya bila kujisukuma, lakini kwa wengine zilikadiriwa kuwa siku 18 na kwa wengine 254. Nilifarijika zaidi kusoma kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari yote, maana mimi ni mtu ambaye siku moja ikivurugika hutaka kutupa mpango mzima.

Begi likiwa limepata utaratibu, nilidhani masomo yatafuata yenyewe, lakini hayakufuata. Mwanangu alikuwa na namna yake ya kudurusu: aliusoma ukurasa mmoja mara tatu, akafunga kitabu, akasema, "Mama, nimemaliza, nimeshaelewa yote." Hakuwa akidanganya. Maneno uliyoyasoma mara tatu huonekana kama marafiki wa zamani, na ni rahisi kudhani kwamba kukitambua kitu ni sawa na kukijua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma; baadhi wakazirudia kuzisoma, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takribani asilimia 56 ya habari ile, na waliorudia kusoma asilimia 42. Hizo dakika tano za ushindi ndizo zilizokuwa zikimdanganya mwanangu, na zilinidanganya mimi pia enzi za shule yangu.

Sasa anasoma mara moja, anafunga kitabu, anachukua karatasi tupu na kuandika au kuchora yote anayoyakumbuka. Kisha anafungua kitabu na kujaza pengo kwa kalamu ya rangi nyingine, na rangi hiyo ya pili ndiyo inayomwonyesha pa kurudia. Aliichukia kazi hii kwa wiki nzima, kwa kuwa inachosha na inamfanya mtu ajione mjinga mapema, kabla mtihani haujamfanyia hivyo. Siku mbili baadaye anarudia bila kufungua kitabu, na wiki inayofuata tena. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana, na akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunasaidia kuliko kurundika marudio yote siku moja. Hii ndiyo sababu siku hizi simruhusu tena kukesha usiku wa kuamkia mtihani. Sababu nyingine ni usingizi wenyewe, ambao wataalamu wa Marekani wanaushauri uwe wa saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12.

Kuhusu muda, mwanangu ana matumaini makubwa mno. Kila kazi ni ya dakika kumi. Nilimwomba aandike pembeni mwa daftari makadirio yake kabla ya kuanza, na muda halisi baada ya kumaliza, nami nikajizuia kusema lolote kuhusu tofauti iliyopatikana. Baada ya mwezi mmoja, bila kuambiwa, alianza kuizidisha mara mbili namba yake ya kwanza kila ilipokuwa hisabati. Simu, yake na yangu, hukaa chumba kingine wakati huo. Nilijaribu kuibakisha yangu, akaniuliza kwa nini, sikuwa na jibu.

Mwezi uliopita aliacha mezani mchoro alioufanyia kazi jioni tatu. Niliuona akiwa bado anavaa viatu, nikanyamaza, na sina hakika mpaka leo kama nilifanya vyema. Alirudi amenuna.

"Mama, uliuona mchoro wangu?"

"Niliuona."

Hakuzungumza nami hadi usiku. Baada ya kupiga mswaki alikwenda kwenye ile karatasi ya ukutani, ambayo sasa imechakaa pembeni, akaongeza mstari wa tano chini ya ile minne: meza.