Waini nyeupe inazeeka, tena vizuri: nilivyofanikiwa kulaza Vouvray na Chinon kwa mshahara wa jikoni

Naishi Tours, Ufaransa, nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa, na kwa miaka kadhaa sasa nanunua waini za huku, Vouvray nyeupe na Chinon nyekundu, kidogo kidogo nazilaza mpaka zikomae. Naandika kwa sababu nimechoka na ushauri uleule wanaopewa Watanzania wenzangu wakifika huku, eti waini ya kulaza ni ya Bordeaux tu, lile eneo la kusini magharibi mwa Ufaransa, eti nyeupe isiponywewa ndani ya miaka miwili imeharibika, eti waini yoyote ile ukiiacha inazidi kunoga. Mimi yote hayo niliambiwa na muuzaji mmoja, dukani, kwa kujiamini kabisa, na hakuna hata moja lililo sahihi.

Tuanze na Bordeaux maana ndiyo inatajwa na kila mtu. Zile kubwa zinazeeka, hilo halina ubishi, Latour au Margaux ya mwaka mzuri inapita miaka 50 na bado ina nguvu. Lakini bei yake ni mamia ya euro kwa chupa, na sehemu ya hela hiyo unalipia cheo cha mwaka 1855, ile orodha iliyopanga mashamba ya Bordeaux kwa madaraja, ambayo daraja lake la juu limebadilika mara moja tu, 1973, shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa. Mtu wa kipato changu hizo anaziangalia kwenye kioo cha duka anapita. Halafu kuna Bordeaux za supamaketi zenye picha ya kasri na kistika cha medali ya dhahabu, hizo zimetengenezwa zinywewe sasa hivi, uzilaze miaka kumi utakuta imebaki tindikali na rangi. Sehemu kubwa ya waini yote duniani iko hivyo na wala sio kosa, kosa ni mtu kukuuzia kama ya kuzeesha.

Mimi nilifumbuliwa macho na mpishi mkuu wetu, mama mmoja mzaliwa wa hukuhuku Touraine. Msimu mmoja wa Krismasi tumemaliza kazi, wateja wameshaondoka, akatufungulia Vouvray ya 1989 ya shamba la Huet, ile tamu wanayoiandika moelleux. Nyeupe! Ya 1989! Rangi imekolea dhahabu, harufu ya asali na nta na tufaha la kuoka, na ukimeza, ule utamu unakatwa katikati na uchachu msafi mpaka mate yanajaa mdomoni unataka tena. Nikamuuliza, mama, hii itadumu mpaka lini? Akasema hii mimi nitakufa nitaiacha.

Kumbe Vouvray yenyewe iko kilomita chache tu kutoka kwangu, unapandisha mto Loire upande wa kaskazini umefika. Zabibu ni chenin, karibu yote, na siri ya chenin ni uchachu, ina tindikali nyingi hata ikiiva sana, na hiyo tindikali ndiyo inaishikilia waini miaka na miaka, na ukiongezea sukari ya zabibu zilizoachwa mtini mpaka mwishoni kabisa mwa mavuno ndio kabisa haifi. Huet walianza 1928, wana viwanja vitatu maarufu, Le Haut-Lieu, Le Mont na Clos du Bourg, na aliyejenga jina ni Gaston Huet, mtu aliyekaa mateka wa vita Ujerumani kwa miaka kadhaa, akarudi kulima, akawa pia meya wa Vouvray kwa muda mrefu. TGV, ile treni ya kasi, ilipopangwa ipite kwenye mashamba ya mizabibu alipambana mpaka reli ikapitishwa kwenye handaki, leo treni inapita chini na mizabibu iko juu yake. Mkwewe Noël Pinguet akaja kuligeuza shamba lote kuwa la kibiodinamiki, yaani kilimo bila kemikali za viwandani kinachofuata mizunguko ya asili, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80. Namheshimu sana mkulima anayefikiria waini itakayonywewa na wajukuu wa mteja. Na sio Huet tu, kuna Foreau wa Clos Naudin, na ng'ambo ya mto Montlouis kuna Chidaine, hawa wote ukishika chupa yao umeshika kitu.

Sasa utajuaje chupa changa ya leo itazeeka au haitazeeka, wakati huna hela ya kukosea? Hapa ndipo naomba usome taratibu maana hiki ndicho kitu bora nilichojifunza tangu nifike nchi hii. Mkulima mmoja wa Montlouis, nilienda kuonja kwake, aliniambia usimuulize mtu, iulize friji. Fungua chupa, onja, rudishia kizibo, iweke mlangoni mwa friji, halafu kila jioni onja kidogo. Ile hewa iliyoingia inaisukuma waini kwa haraka, sio sawasawa na miaka chini ya kizibo, hapana, ila inakuonyesha kama ina mwili wa kuvumilia. Inayokufa kesho yake haina safari. Inayokuwa nzuri zaidi kesho kutwa, nunua.

Nikaamua kufanya kwa uhakika. Nikachukua Bordeaux yenye medali kutoka kwenye yale maonyesho ya waini ya Septemba ya supamaketi, euro kumi na kitu hivi, nikachukua Chinon ya bei rahisi, nikachukua Chinon ya Olga Raffault ile ya kiwanja cha Les Picasses, na Vouvray kavu ya Le Mont, hiyo ilikuwa thelathini na ushee. Nyekundu nazo zikaingia friji, ila natoa mapema zipate joto kidogo kabla ya kuonja. Nikafunika chupa nyekundu kwa karatasi ya aluminiamu, mke wangu ndiye anamimina mi nikiwa sebuleni, analeta glasi zimebandikwa herufi, nami naandika kwenye daftari sijui ipi ni ipi.

Jioni ya kwanza Bordeaux ikashinda! Kweli kabisa, kwenye daftari nimeiandikia nzuri, laini, ina harufu ya vanila. Chinon rahisi nayo inachangamsha, rasiberi tupu. Picasses imekaza, inakauka ulimi, na ina kaharufu ka pilipili hoho. Vouvray, hiyo wala haihitaji kufichwa maana ni nyeupe, ilikuwa ngumu kama kulamba jiwe, mke wangu akaionja akairudisha mezani. Jioni iliyofuata Chinon rahisi imeanza kunyauka, na ile vanila ya Bordeaux imetangulia mbele peke yake, nyuma yake hamna tunda. Ikaja jioni ya tatu. Bordeaux nimeitema. Inanuka karanga za zamani na siki. Glasi ya pembeni yake imefunguka, ule mkazo umelegea, inakuja harufu ya tumbaku na udongo uliolowa mvua, nikamwita mke wangu nikamwambia leo umebadilisha chupa, akafunua aluminiamu, ni Picasses ileile. Na Vouvray ndio ikatuliza wote, pera, ua la mkaratusi kwa mbali, chumvi chumvi, bado imesimama wima, na mwisho wa wiki tulivyomaliza tone la mwisho ilikuwa bado inapanda. Kesho yake nikaenda kununua sanduku.

Kuhusu Chinon elewa kitu kimoja, usinunue jina tu. Zabibu ni cabernet franc, lakini ile inayoota kwenye mchanga na kokoto karibu na mto Vienne inatoa waini nyepesi ya kunywa mapema, na ile ya mteremkoni kwenye chokaa na mfinyanzi ndiyo ya kulaza. Picasses ni ya mteremkoni. Clos de la Dioterie ya Charles Joguet pia, na Croix Boissée ya Baudry. Muulize mkulima ardhi gani, atafurahi hata kukuonyesha.

Baada ya kununua ndio vita vya kuhifadhi. Mimi nakaa ghorofa ya juu chini ya paa, Julai humo ndani inapita nyuzi 30, waini inapikika. Nikashauriwa nitumie kile chumba cha stoo cha chini ya jengo, kila mtu anasema hiki hakina shida, baridi mwaka mzima. Nikaweka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, nikakiacha msimu mzima wa baridi kabla ya kuteremsha chupa. Bomba za hita za jengo zima zinapita humo! Januari nyuzi 22, usiku zinashuka, asubuhi zinapanda. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakoua, waini inatanuka inasinyaa ndani ya chupa, inasukuma kizibo, hewa inaingia. Kipimajoto hakifiki hata euro ishirini, usilaze chupa yoyote mahali ambapo hujapima kwanza.

Suluhisho likatoka Rochecorbon, kijiji cha njiani kwenda Vouvray, pale kwenye majabali ya chokaa laini wanayoiita tuffeau, ambayo ilichimbwa ikajenga nyumba za Tours na makasri ya Loire, mashimo yaliyobaki ndiyo mapango. Kuna mzee mmoja mstaafu ana pango nyuma ya nyumba yake, anaweka baiskeli na viazi. Nikamwomba kona. Kodi yake ni kumsaidia kupanga kuni za baridi na chupa moja kwa mwaka, na akiniona tu ananiambia njoo tuangalie watoto wako. Humo ni nyuzi 12, Agosti 12, Februari 12, giza, kimya. Shida yake ni unyevu, kizibo kinaupenda ila lebo zinaota ukungu mpaka hujui hii ni Le Mont au ni nini. Dawa ni ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula jikoni, zungushia chupa sehemu ya lebo tu, mizunguko miwili mitatu, shingo iache wazi, halafu andika mwaka kwa chaki kwenye ubao wa shelfu. Jikoni kwetu hiyo plastiki tunaishika kutwa nzima lakini aliyenifundisha kuivisha chupa ni huyo mzee.

Kingine ambacho muuzaji hatakwambia, chenin inanuna. Unaifungua changa inacheka, unaifungua mwaka wa tano au wa saba haina harufu wala neno, watu wanadhani imekufa wanaigawa. Iache. Ndio maana unanunua sita, sio moja, uwe na ya kuulizia na uwe na ya kusubiri.

Na chupa kuukuu zina namna yake. Raffault huwa wanatoa sokoni chupa za zamani kutoka stoo yao wenyewe, nikabahatika kupata Picasses ya 1990, bei haikufika mia. Niliisimamisha wima siku mbili mashapo yashuke chini. Kizibo cha umri ule ukikipiga skrubu kinamegeka, kwa hiyo tafuta kile kifunguzi cha meno mawili bapa, unaingiza jino refu kwanza kati ya kizibo na shingo ya chupa, halafu la pili, unatikisa kushoto kulia taratibu mpaka yazame, kisha unazungusha huku unavuta. Kizibo kikatoka kizima, cheusi chini. Nikamimina kwenye jagi kwa mkono mmoja bila kukatisha, tochi ya simu imewaka chini ya shingo, pale uzi mweusi ulipofika shingoni nikaacha. Waini ya miaka zaidi ya thelathini, ya zabibu ambayo muuzaji aliniambia ni ya pikiniki, na shemeji zangu wa Arusha waliokuwa wamekuja kututembelea waliimaliza wakaulizia nyingine.

Nitakazoweka zinazofuata ni Muscadet ya Clisson, nyeupe ya karibu na mdomo wa Loire, ile inayokaa juu ya mashapo yake muda mrefu kabla ya kutiwa chupani, bado bei yake ni ya kibinadamu, na Bandol ya shamba la Domaine Tempier, waini ya kusini mwa Ufaransa, ambayo Bandol nyekundu kwa sheria lazima nusu yake au zaidi iwe zabibu aina ya mourvèdre na ikae kwenye mbao angalau miezi 18. Hiyo Bandol nataka ya magnum, chupa ya lita moja na nusu inazeeka polepole zaidi, na mzee ameshahamisha viazi.