Herufi moja, na neno "false" lililonitoa jasho

Steshenari yangu iko Dodoma mjini, hatua chache kutoka wanaposhukia watu wanaokwenda mahakamani. Nina kompyuta mbili na printa moja inayomeza karatasi kila umeme ukirudi. Riziki yangu kubwa ni viapo: cha kupotelewa na cheti, cha kuzaliwa, cha tofauti ya majina. Vya Kiswahili nachapa hata nikiwa napiga soga na jirani: "Mimi, fulani, mtu mzima, mkazi wa Dodoma, naapa na kutamka kama ifuatavyo." Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, Kiingereza kimepungua mezani kwangu, lakini hakijaisha. Anayeomba chuo nje ya nchi bado anakitaka, na anayemwandikia bosi mgeni vilevile.

Siku moja alikuja kijana na vyeti viwili. Cha kuzaliwa kinasema Rameck, cha kidato cha nne kinasema Lameck. Huku kwetu L na R ni watoto wa tumbo moja. Karani alisikia alichosikia akaandika. Chuo alichoomba kilitaka kiapo cha Kiingereza kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Nikachapa bila kusita: "I claim that Rameck and Lameck are one person. The name on my birth certificate is false." Wakili alikuwa na foleni ndefu, akagonga muhuri, kijana akalipa akaenda zake.

Wiki mbili baadaye akarudi, simu mkononi, jasho usoni.

"Dada, hawa watu wananiuliza kama cheti changu nimekighushi."

Nikaisoma ile barua pepe mara tatu. Ilikuwa ya adabu kabisa. Walimwomba afafanue kama anakiri kuwa hati yake si halali, na kama ndivyo, aliipataje.

Kwa mtu wa Dodoma hilo si swali la kuchezea. Aprili 2017 taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Maneno "cheti feki" mji huu bado yanawashtua watu. Na mimi nimemchapia kijana wa watu, kwa kiapo, kwamba jina lililo kwenye cheti chake ni feki!

Nilimpelekea karatasi ile wakili mwingine, mama mmoja mtu mzima ambaye huwa ananipa kazi. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akasoma. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Hapa nani kadanganya?"

"Hakuna, mama. Karani alikosea herufi."

"Sasa hii false imetoka wapi?"

Nikamwambia shuleni tulifundishwa "True or False", na false ni kitu kisicho kweli. Akasema huko iko sawa, maana inahukumu sentensi tu. Ila ukiibandika kwenye kitu, inageuka. "False teeth ni meno gani?" Ya bandia. "False name je?" Jina la kujificha. Yaani kitu kinachojifanya kuwa kingine. Herufi iliyokosewa haijifanyi chochote, imekosewa tu. Akaifuta sentensi yangu kwa kalamu nyekundu, akaandika neno moja, "misspelt". Kisha akarudi juu, akaizungushia duara "claim". "Na hii umwachie mwandishi wa habari. Mtu akiapa, hadai. Anatamka." Ikawa "I declare".

Tulichapa upya, kijana akaapa upya, na safari hii hakulipa. Chuo hakikuuliza tena.

Jioni ile nilinunua kauntabuku. Upande wa kushoto nikawa naandika maneno ya kusema jambo, kulia ya jambo lisilo kweli, na kila neno nalihoji. La kushoto naliuliza: msemaji ana uhakika kiasi gani, na mimi ninayeandika namwamini au najitenga naye? La kulia nauliza swali la yule mama: nani kadanganya? Kama hakuna, basi ni "incorrect" au "mistaken". Kama sitaki kumgusa mtu, "untrue" inatosha, ni baridi kidogo lakini haitukani. "Lie" naiogopa, maana hapo umesema alijua. Akiwa amejua na alikuwa chini ya kiapo, ni "perjury", na hiyo ni kesi. Saini na hati zinakuwa "forged", noti zinakuwa "counterfeit". Chai, kamba na fiksi nimeziacha kwa vijana wa kijiweni, sijawahi kuletewa kiapo kinachozihitaji.

Tabia hii ya kuogopa "lie" nadhani tunayo hata kwa Kiswahili. Humwambii mzee wa watu "unasema uongo". Unamwambia, "Mzee wangu, hapo nadhani kumeteleza kidogo." Ukitaka kuandika kwa adabu hiyo kwa Kiingereza, utaishia kwenye "mistaken".

Upande wa kushoto ndio ulionipa raha. Chukua hiyo "declaration". Azimio la Arusha la 1967 kwa Kiingereza ni Declaration. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, Declaration. Sheria ya 2018 ya kutangaza Dodoma kuwa Makao Makuu ya Nchi nayo kwa Kiingereza inabeba neno hilo hilo. Viongozi wa umma wanaojaza fomu za mali na madeni yao kila mwaka wanajaza nini? Declaration. Wenzetu wana neno moja, sisi tuna azimio la watu waliokaa wakaamua, tamko la mtu anayesema jambo wazi likamfunga, na tangazo la kuwafikia wote. Nikikutana na "declare" sasa siharakishi, naangalia kwanza nani kasimama na anamwambia nani.

Kuapa nako kuna mambo yake. Ukisoma kumbukumbu za mahakama zetu za Kiingereza, shahidi Mkristo utakuta ameandikwa "sworn", yaani ameapa, Muislamu "affirmed", yaani amethibitisha. Nilikuwa nachapa "swear" kwa kila mtu mpaka karani mmoja akanirudishia viapo vitatu kwa mpigo.

Lakini lililonisumbua kuliko yote ni dai. Gazeti linaandika "anadaiwa kuiba", na hapo Kiingereza ni "allege": kuna anayesema, ushahidi bado. Mwenye duka anasema "anadaiwa elfu arobaini", na hapo ni deni. Mfanyakazi anadai mshahara, hiyo ni haki yake. Neno lile lile! Ukitafsiri bila kutazama linakaa na nani, unamgeuza mdeni kuwa mtuhumiwa.

Kauntabuku ilikuwa imefika katikati alipoingia mama mmoja mpishi, anayefanya kazi kwa mgeni asiyejua Kiswahili. Gunia la mchele limepotea stoo, naye ameambiwa ajieleze kwa maandishi. Alikaa kwenye stuli, akaweka kikapu chini.

"Andika. Eti nimeuza gunia la mchele. Mimi nakataa."

Vidole vikagoma. Kwanza hiyo "eti". Herufi tatu, lakini ndani yake kuna mtu mwingine anayesema, kuna mimi nisiyeamini, na kuna mdomo uliopinda kidogo. Kiingereza hakina kijineno cha namna hiyo. Nilichokuwa nacho ni "It is alleged", ambacho kinasema yote isipokuwa mdomo uliopinda. Pili, hiyo "nakataa". Zamani ningeandika "I refuse", na mgeni angejiuliza mama huyu anagomea kazi gani. Kukataa uji ni "refuse". Kukana tuhuma ni "deny". Nikaandika: "It is alleged that I sold a bag of rice. I deny this. It is untrue."

"Untrue" niliichagua kwa makusudi. Aliyemsingizia huenda alikuwa muongo, huenda alihesabu vibaya magunia. Mama mwenyewe hakujua, na barua isingejua kuliko yeye.

Kabla hajasaini nikamsomea kwa Kiswahili, kama ninavyomfanyia kila mteja.

"Inadaiwa kwamba niliuza gunia moja la mchele..."

Akanyanyua mkono. "Ngoja kwanza. Inadaiwa nini? Mimi sidaiwi na mtu. Hata dukani nimemaliza kulipa juzi."

"Siyo deni, mama. Ni kwamba kuna watu wanasema."

"Basi soma wanasema."

Nikasoma upya. "Eti niliuza gunia moja la mchele. Nakana. Si kweli."

Akachukua kalamu.