Ya njano

"Baba, kati ya hizi mbili nichukue ipi?"

Binti yangu amenitumia picha za simu mbili tangu asubuhi. Kazipanga vizuri, kamera kwa kamera, RAM kwa RAM, betri kwa betri. Zamani ningemjibu kabla hajamaliza kuuliza. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa naulizwa mambo ya simu, na hakuna aliyebisha hodi akaondoka bila jibu, hata kama jibu lenyewe nilikuwa nalitunga pale pale.

Aliyeniponya ugonjwa huo ni Shangazi. Wala hakunisema. Heri angenisema.

Mwaka 2013 nilikuwa mlokole wa Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft. Android niliiona inakwamakwama kwenye simu za chini, iPhone niliihesabu kuwa ya watu wengine, na mimi nikatulia na Nokia Lumia 520: kioo cha inchi 4, RAM ya MB 512 tu, lakini ukigusa inaitika. Vile vigae vikubwa vya programu vinavyojigeuzageuza kwenye kioo nilikuwa nawaonyesha watu hata wasioomba kuonyeshwa. Mtu akisema programu zake ni chache, jibu langu lilikuwa moja: zitakuja. Novemba mwaka ule Instagram ikaja, tena toleo la majaribio, nikatembea kifua mbele wiki nzima kama vile nimeitengeneza mimi.

Shangazi akaniuliza anunue ipi. Nikamhubiria karibu saa nzima. Nikamweleza kuhusu mfumo, kasi, na kwamba Microsoft imetangaza kuinunua biashara ya simu ya Nokia, na jitu kubwa namna ile litaangukaje? Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akachukua Lumia kama yangu. Ya njano.

Miaka iliyofuata naipitia mbio kwa sababu hainipambi. Mwaka 2016 Windows 10 Mobile, toleo jipya la mfumo ule, ilipofika kwenye simu za zamani, 520 haikuwemo kwenye orodha ya zitakazoipata. Kufikia hapo mimi nilishakuwa na Android mfukoni. Oktoba 2017 Joe Belfiore, mmoja wa wakubwa wa Windows pale Microsoft, aliandika Twitter kwamba kutengeneza vipengele vipya na simu mpya si lengo lao tena, na kwamba yeye mwenyewe kama mtumiaji ameshahama. Nilicheka sana. Niliwasambazia rafiki zangu wote. Shangazi sikumwambia. Nilikuwa nimempandisha basi kwa maneno mengi, kisha nikashuka kituo cha katikati bila hata kumgusa bega.

Mwisho wa 2019 programu ya ujumbe tunayoitumia wote kwenye familia iliacha kufanya kazi kwenye simu za aina yake. Tangazo lilikuwa limetoka miezi mingi kabla, na mtu wa kumfikishia Shangazi nilikuwa mimi. Januari kundi la familia likapoa. Yeye ndiye hutuamsha kila alfajiri kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na tulikaa siku nne ndipo mtu mmoja akauliza: jamani, Shangazi yuko salama?

Nilikwenda na simu mpya kwenye boksi lake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuniangalia mimi au kuiangalia simu?"

Akanikabidhi ile ya njano. Kona zimechubuka, kioo kina mstari mmoja mwembamba, ila safi kuliko yangu. Nikaiwasha nikitarajia kukuta vigae nilivyompangia mwenyewe, vya hali ya hewa, barua pepe na habari. Hakikuwepo hata kimoja. Kioo kizima kilikuwa nyuso. Alikuwa amembandika kila mtu wake pale mbele, akamkuza mpaka kigae kikawa kipana, na picha ya mtu imejaa humo. Dada yake, wanawe, wajukuu wawili, jirani yake. Nami nilikuwemo, safu ya pili, na nywele ambazo leo sina.

"Huyu ni wewe," akaniambia, kama vile sijijui.

Akanionyesha anavyofanya. Anagusa uso, anagusa mara moja tena chini yake, simu inaita. Kwenye orodha ya majina haingii kamwe, maana maandishi yale ni madogo na macho yake mnayajua. Kumbandika mtu kwenye ukurasa wa mbele kulikuwa jambo moja ambalo simu zile zililiweza vizuri kuliko wenzao, na mimi mhubiri wake sikuwahi kulitumia. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema alikuwa anabonyezabonyeza tu usiku mmoja usingizi ulipokataa.

Ili nihamishe namba nilihitaji nywila ya akaunti niliyomfungulia mwenyewe miaka sita nyuma. Niliisahau zamani. Nikaanza kumuuliza kama anakumbuka herufi ya kwanza, ya pili, akanipokonya simu, akaingiza ukucha ubavuni na kukibandua kile kifuniko kigumu. Juu ya betri palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, nywila imeandikwa kwa kalamu ya bluu, na chini yake: "Aliyoweka kijana." Miaka yote hiyo nimekuwa nikikataza watu wasiandike nywila popote. Nikakipokea kikaratasi kimya kimya.

Namba zikahama. Jumbe za zamani hazikuhama, nikamwambia hilo kwa sauti ya chini. Nikamwekea nyuso zake kwenye kioo kipya, ambacho ni kikubwa mara mbili, lakini kila mtu akatokea kama kiduara cha ukubwa wa kifungo cha shati. Shangazi akaivuta simu karibu na macho, akaisogeza mbali, akaivuta tena.

"Mbona mmekuwa wadogo hivi?"

Aliwauliza wao. Mimi sikuulizwa. Nilizama kwenye mipangilio nusu saa nzima nisiwakuze. (Baadaye nilimpatia programu inayoweka vitufe vikubwa. Anasema si kama ile.)

Kabla sijaondoka nikajikaza kumuuliza. "Shangazi, siku ile nilipokueleza habari za simu hii, ulinielewa?"

"Hata."

"Sasa mbona uliichukua?"

"Si ya njano? Nikiitia kwenye mkoba naiona." Akakiminya kile kifuniko mpaka kikalia. "Halafu na wewe ulikuwa nayo. Nikajua ikinisumbua, tutasumbuka wote."

Mpaka leo anaamkia kengele ya ile ya njano, laini ameitoa, nyuso zimo.

Basi nimerudi kwa binti. Nilianza kumwandikia aya ndefu: atazame kwanza simu itapata masasisho hadi lini, kwamba Google iliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafuata na Galaxy S24 mwaka 2024. Yote ni kweli. Nilipofika mstari wa tano nikaisikia sauti yangu ya 2013, nikafuta. Nikaandika: rafiki zako wanatumia zipi?

"Baba, mimi nakuuliza wewe. Kwani ya kwako si ndiyo hii ya kwanza? Basi nachukua hii, nikikwama utanisaidia."

Sijamwambia kwamba mwezi ujao nabadilisha.