Siku moja dikoni: fildi yangu Tanga, mbali na Ukerewe

Saa 10:15 alfajiri

Simu inalia chini ya mto. Naizima haraka, maana ukuta wangu na wa Bi Mkubwa mwenye nyumba ni mmoja. Kumbe keshaamka zamani. Namsikia uani akikoka moto, na nikitoka naikuta chai ya mkandaa mezani na kitumbua kimoja juu ya kisahani.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Leo bamvua, ukachelewe uone. Na ufunge mtandio vizuri, kusi limechafuka."

Naishi Ngamiani, mitaa ambayo majina yake ni namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi uchoke kuhesabu. Kwa mgeni ni neema, hupotei. Nimetoka Ukerewe, nasoma stashahada ya uvuvi Nyegezi, na mwaka huu nilipangiwa fildi ya wiki nane kwenye ofisi ya uvuvi ya halmashauri huku. Wenzangu wengi walibaki Kanda ya Ziwa. Mimi niliomba bahari mwenyewe. Baba alipoambiwa Tanga alikaa kimya, kisha akauliza, "Huko wana maji gani?" Nikamwambia ya chumvi. Akacheka, akaenda kutafuta nauli.

Nakumbuka basi lilivyokunja kulia pale Segera, na Muheza wauza machungwa wakatuzingira madirishani. Nilinunua manne nikala yote kabla ya kuingia mjini.

Saa 11:00

Nachukua baiskeli ya kuazima. Tanga baiskeli ni chombo cha kila mtu: mzee mwenye kanzu, mama mwenye ndoo, mwanafunzi, wote wanaendesha na hakuna anayegeuka kukutazama. Taa yangu ya mbele haiwaki, kwa hiyo naenda polepole hadi Deep Sea, kwenye diko, pale vyombo vya uvuvi vinapoingilia na samaki kuuzwa.

Nilikotoka tunasema mwalo. Huku neno hilo wanalielewa, lakini wazee wa kazi wanasema diko, na tangu siku ya tatu nami nasema diko.

Saa 11:30 hadi saa 3:00 asubuhi

Hapa ndipo kazi yangu ilipo, mengine yote ni makaratasi.

Mwezi umeandama, usiku ni giza tupu, na wavuvi wa dagaa wanalipenda giza kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta samaki. Hilo sikufundishwa na mtu, nililikuta nyumbani. Ziwani pia mbalamwezi ikiwa kali watu hulala nyumbani na kushona nyavu. Kilichonishinda kichwa ni maji. Ziwa halikupwi. Wiki ya kwanza niliona ngalawa inaelea asubuhi, nikaenda ofisini, niliporudi mchana imelala ubavu juu ya mchanga na bahari iko kule mbali. Nikadhani imeharibika. Kijana mmoja akanieleza taratibu, bila kunicheka: siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, siku za maji mafu husogea kidogo tu. Nahodha akijua tarehe ya mwezi, anajua saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Leo maji yamejaa karibu na saa kumi, basi vyombo vinawahi kuingia kabla hayajaondoka. Nami sianzi na daftari. Naanza na salamu, kisha naweka begi chini na kushika kamba pamoja na wengine: "Haya! Haya!" mpaka ngalawa ipande. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo, na fomu haina nafasi ya kuandika kwamba ulivuta chombo.

Nina sababu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akija mwaloni kwetu bwana mmoja mwenye kalamu. Alisimama pakavu, akauliza, "Kilo ngapi?" Baba aliangalia mtumbwi uliojaa akajibu, "Kumi na tano." Bwana akaandika kumi na tano. Nilimuuliza baba kwa nini amesema hivyo, akaniambia yule ni mtu wa ushuru. Huenda hakuwa mtu wa ushuru. Huenda alikuwa mwanafunzi wa fildi kama mimi. Lakini ile kumi na tano ilikwenda mahali, ikajumlishwa na nyingine, na mtu fulani akapanga mambo ya ziwa kwa kuitegemea.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Hatupimi kila chombo, haiwezekani. Tunachagua baadhi, tunaandika aina ya chombo, zana waliyotumia (mshipi, wavu wa jarife, mtego wa dema), wavuvi wangapi, walikaa baharini saa ngapi, kisha kilo za kila aina ya samaki na bei ya mnadani. Kutokana na hivyo vichache ndipo yanapokadiriwa mavuno ya mwezi mzima. Maana yake kosa langu la kilo mbili halibaki kilo mbili. Linazidishwa pamoja na namba.

Na kosa nililifanya. Wiki mbili za mwanzo kila samaki mwenye umbo la changu nilimwandika changu. Mzee mmoja wa mishipi alinitazama nikiandika, akaniita. Akatoa samaki kwenye mtungo, akamgeuza ubavu.

"Huyu nani?"

"Changu, babu."

"Changu gani?"

Nikanyamaza. Akachukua kidole gumba changu akakiweka ubavuni mwa samaki, chini kidogo ya mstari unaopita katikati. Palikuwa na doa jeusi, na gumba langu lililifunika sawasawa. "Changu doa," akasema. Kisha akatoa mwingine mwenye uso mrefu uliochongoka. "Huyu changu ndomo. Hawakai pamoja, hawali pamoja, bei si moja. Ukiwaandika jina moja, siku mmoja akiisha utajuaje?"

Chuoni nilijifunza majina ya Kilatini na nayaheshimu. Ila sangara na sato nilikozoea mimi ni wawili, na miamba ya hapa inatoa pono, tasi, chewa, kolekole, mkundaji, taa, na kila jina lina matawi yake. Tangu siku ile nina daftari dogo pembeni ambalo si la serikali. Naandika jina la dikoni, nachora alama, kisha jioni natafuta jina la kitabuni. Afisa wangu aliposikia alirudi nami kwenye fomu za wiki zile, tukatia alama zile tusizoweza kuziamini. Ilituchukua siku nzima. Hakunikaripia. Namshukuru sana kwa hilo.

Leo nimepima vyombo saba. Mtu wa mwisho, nahodha wa ngalawa ya dema, nilimuuliza kilo akasema, "Pima mwenyewe, mwanangu, nisije nikakudanganya." Nikapima: kilo kumi na tisa na nusu. Wiki ya kwanza mtu huyuhuyu alinijibu, "Andika kumi."

Saa 4:00 hadi saa 6:30 mchana

Ofisini. Kunawa, maana harufu inatangulia mlangoni, kisha kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Wamekuja wawili kuulizia leseni za vyombo. Nimepiga mihuri, nimetafuta faili. Basi.

Saa 7:00 mchana

Narudi dikoni, kwa sababu siku ya bamvua maji yakikupwa miamba inaachwa wazi, na kina mama wanaenda kutafuta pweza kwa miguu. Wanarudi maji yanapoanza kupanda, kanga zimelowa mpaka magotini, kila mmoja na mchokoo wake, fimbo ya kumtolea pweza tunduni.

Yupo bibi mmoja ambaye huwa namsubiri. Anatembea na fimbo yake ya chuma iliyoota kutu, anatazama tundu ambalo mimi naliona jiwe tu, na anajua mwenyewe yumo ndani kwa maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni. Leo amekuja na watatu. Nikamweka wa kwanza kwenye mzani: kilo moja na gramu mia mbili. Mikono bado ilikuwa inajikunja polepole kwenye sahani, na ngozi ikabadilika kutoka kahawia kuwa nyeupe mbele ya macho yangu. Wa pili: gramu 420. Wa tatu: gramu 380.

Pweza asiyefika gramu 500 haruhusiwi. Bibi anajua, mimi najua.

"Utaniandika, mjukuu wangu?"

"Naandika uzito, bibi. Jina lako halimo."

Akakaa kwenye gogo. Akasema asubuhi nzima ameacha tundu nne za wadogo, hawa wawili aliwachukua kwa sababu nyumbani wako watano na huyu mmoja mkubwa ni wa deni. Nilimwelezea kile ninachokijua: pweza haishi sana, umri wake ni mwaka na kitu, lakini anakua haraka mno, na jike hutaga mara moja tu kisha hufa. Ukimwacha huyu wa 380 wiki chache, unamkuta mwingine kabisa. Nikamwambia kwamba Kisiwa Panza, kule Pemba, wanakijiji wenyewe hufunga mwamba kwa miezi kadhaa, halafu wanaufungua na kuvuna wakubwa.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Na hiyo miezi," akauliza, "wanakula wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sikumtungia. Niliandika 1,200, 420, 380. Baadaye nilimweleza afisa wangu yote, pamoja na swali. Akasema siku ya mkutano na kikundi cha usimamizi wa ufukwe swali hilo lianze, kabla ya hotuba yoyote, na bibi aombwe aje kuliuliza mwenyewe. Nami nimepewa kazi ya kwenda kumwomba. Kesho nitakwenda.

Saa 10:30 jioni

Wali wa nazi na changu doa wa kukaanga kwa Bi Mkubwa. Nimemtambua kabla hajafika mezani.

Saa 12:45 jioni

Nampigia baba. Huko kwao jua bado halijazama, magharibi linachelewa. Nasikia sauti za watu na taa zikigongana mtumbwini. Nao wana giza leo.

"Tunaingia sasa hivi," anasema. "Nisomee wa leo."

Huu ndio mchezo wetu tangu wiki ya tatu. Nafungua daftari dogo, namsomea jina mojamoja, naye anarudia kwa lafudhi yake ya kisiwani, na wenzake mtumbwini wanarudia nyuma yake.

"Kolekole."

"Kolekole."

"Mkundaji."

"Mkundaji. Huyo sura yake?"

"Ana ndevu mbili chini ya kidevu, baba."

Namsikia akiwageukia wenzake. "Ana ndevu!" anawaambia, kisha injini inawaka.