Usingizi umekata

Nimetoka kumaliza sehemu ya tatu ya Scenes from a Marriage, ile tamthilia ya Ingmar Bergman iliyoonyeshwa kwenye televisheni ya Sweden mwaka 1973. Sehemu 6, mume na mke wanaongea tu. Nilijua nitasinzia.

Wapi!

Johan anarudi usiku, anamwambia mkewe kesho anaondoka na mwanamke mwingine kwenda Paris. Marianne ni mwanasheria, kazi yake kesi za talaka.

Za wengine.

Unadhani anapiga kelele? Anamsaidia kufungasha sanduku!

Yaani anampangia nguo mtu anayemwacha. Hapo nikasimamisha, nikaenda jikoni kunywa maji na wala sina kiu.

Halafu anampigia simu rafiki yao, apate pa kulilia. Kumbe marafiki walishajua siku nyingi. Uso wa Liv Ullmann, anayeigiza Marianne, pale kwenye simu… jamani.

Mume wangu kapita sebuleni: "Mbona unaniangalia hivyo?"

Hamna kitu, nimemjibu.

Haya, mashoga zangu. Mngejua mume wangu ana mtu, mngeniambia au mngeninyamazia? Semeni ukweli, niko macho.