Harufu Tamu Ndani ya Gari

Januari yangu ya pili hapa Minneapolis, gari lilianza kunukia. Harufu yenyewe tamu, kama sharubati iliyoungulia sufuriani. Inakuja nikiwasha hita alfajiri, nikifika kazini imeshapotea. Ni gari la mwaka 2004, mengi nimelisamehe. Ila chupa ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, nilikuwa naiongezea kila baada ya wiki mbili, na chini ya gari hakuna hata tone.

Kwetu Dar nani anagusa swichi ya hita? Nimeendesha miaka sita bila kujua kwamba joto lile ni la injini: kulanti ya moto inapita kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa hapo. Ikitoboka, kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafuta-mafuta na zulia la upande wa abiria linalowa.

Gereji wakalitazama, wakasema ni rejeta hiyo. Dashibodi yote ishuke. Dola 1,200. Nikampigia fundi wangu wa mtaa wa Gerezani, Dar.

"Mdogo wangu, unganisha hozi mbili, iruke hiyo rejeta, maisha yaendelee."

"Kaka, huku nje ni nyuzi 24 chini ya sifuri."

Kimya. "Basi acha. Zulia limelowa?"

Nikalikunjua, nikapapasa mpaka kwenye bati. Kukavu. Akasema funga hewa ya nje, zungusha ya ndani tu. Harufu ikakata. Nikifungua ya nje, hiyo inarudi. Rejeta ingekuwa inavuja, kujifungia nayo kungezidisha harufu. Kumbe kinachonuka kiko chini ya boneti.

Maduka ya spea ya hapa yanaazimisha vifaa, unaacha dhamana tu. Nikachukua pampu ya kupimia presha ya rejeta kubwa ya injini. Gari lililala nje, na saa kumi na mbili asubuhi, injini ikiwa baridi kama jiwe (mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kama umechelewa kazini), nikapandisha presha hadi PSI 15. Mfuniko umeandikwa 1.1, yaani bar, kama PSI 16 hivi, sikutaka kuvuka. Dakika kumi baadaye mshale uko 12. Nikamulika tochi nyuma ya injini, pale hozi za hita zinapoingia ndani. Moja ilikuwa na ukoko wa waridi uliopauka, kama chumvi iliyokaukia mtumbwini, na chini yake tone linajikusanya taratibu, linaning'inia, halianguki.

Baridi kali hukaza mpira wa hozi ukanywea, klipu ya kuubana iliyochoka haiufuati. Injini ikipata moto vinabana tena. Gereji waliliona likiwa limeshapashika moto. Na kile kidogo kinachovuja kinageuka mvuke juu ya injini, kinanyonywa na tundu la hewa lililo chini ya kioo, moja kwa moja hadi puani kwangu.

Klipu mpya, dola 3. Nikakata ncha ya hozi iliyokakamaa, nikarudisha, nikajaza kulanti nusu na maji ya betri (yale yasiyo na asidi) nusu. Maji matupu kwa baridi hii yangeganda na kupasua injini. Matone ya chini nikayafuta yote, maana kulanti ni tamu na ni sumu, na mbwa wa jirani halambi kwa kubagua.

Nikamtumia fundi picha. Akajibu kwa sauti: "Dola tatu za nini? Hapo ungefunga waya."