Mama Kaenda Grosari

Nilikuwa darasa la tano, Morogoro, kipindi cha Kiingereza. Mwalimu aliniinua nitafsiri sentensi ya ubaoni, na neno la mwisho nililijua kuliko yote yaliyotangulia. Nikasema kwa sauti: "Kila asubuhi mama huenda grosari."

Darasa likalipuka. "Asubuhi asubuhi?" mmoja akauliza. Wa nyuma akamjibu, "Anazimua."

Kitabuni palikuwa na picha ya mama wa Kizungu: kofia, kikapu mkononi, mtoto kamshika gauni. Hiyo ndiyo ilitumaliza. Mlevi gani anakwenda na mtoto?

Mwalimu hakucheka. Alisema ni duka la vyakula, akafuta ubao upesi. Jioni yeye mwenyewe alikuwa na kiti chake cha plastiki kwenye grosari ya mtaani kwetu, akiipa barabara mgongo ili tusipate nafasi ya kumwamkia.

Nyumbani nikamuuliza baba.

"Mwalimu wako hajakosea," alisema. "Zamani lilikuwa duka kweli. Sukari, sabuni, kiberiti, na bia za kwenda kunywea nyumbani. Sasa watu wakaona nyumbani mbali."

Ukubwani niligundua kwamba wala si sisi tulioanza. Waingereza walilichukua neno kwa Wafaransa, kwao likiwa muuzaji wa jumla. Marekani ya karne ya 19 nako lilishaponyoka: mwaka 1858, kwenye mdahalo huko Illinois, Seneta Stephen Douglas alimrushia mpinzani wake Abraham Lincoln, rais wa baadaye, kwamba aliwahi kuwa na grosari. Lincoln akakana, hajawahi kuwa nayo popote duniani. Duka aliwahi kuwa nalo kweli; alichokana ni kuuza pombe kwa glasi, maana kule ndiyo iliyokuwa grosari. Ningekuwa na habari hiyo siku ile, nisingekaa chini haraka vile.

Kesho yake, baada ya shule, nilikwenda kuhakikisha maneno ya baba. Nilisimama kaunta na sare yangu, nikamwamkia dada aliyekuwa akipanga chupa kwenye friji, nikaomba sukari robo.

Alinitazama, akatazama kreti tupu zilizopangwa hadi dirishani.

"Hapa grosari, mdogo wangu," akasema. "Sukari nenda kwa Mangi."